Sidii Kwenye Miplamu

Jumamosi, 9 Oktoba 1999

Mimi Kinya, mke wa Ngatia. Mke wa Ngatia! Ningeliandika mara ishirini kama Ngatia mwenyewe hangekuwa ameketi hapa akicheka na kuniuliza kama daftari alilonizawadia litajaa jina lake tu. Litajaa, nimemwambia. Leo tumetimiza wiki tatu tangu tufunge ndoa hapa Tetu, na bado nikiamka humtazama kwanza nihakikishe yupo. Ana kovu dogo juu ya nyusi ya kushoto, alilipata siku alipoangukiwa na dishi la televisheni. Nalipenda kovu hilo kuliko shamba zima la waridi la kwetu Timau, upande wa pili wa mlima.

Sote wawili tunafanya kazi kwa Bipin, mwenye duka la redio na televisheni mjini Nyeri. Ngatia hupanda mapaa kufunga madishi. Mimi nilianzia kaunta, lakini mwezi jana Sanjay, mwana wa Bipin, alirudi chuoni Uingereza na kuacha kompyuta yake bila mtu. Kompyuta hiyo hunasa kipindi kutoka kwa dikoda ya dishi na kukiweka ndani kama faili. Faili hiyo lazima igeuzwe iwe ya aina nyingine, kisha ichomwe kwenye sidii, ndipo mtu aweze kuitazama kwake nyumbani. Sanjay aliacha karatasi moja ya maelezo.

"Utaharibu," Bipin aliniambia.

"Nitaharibu mpaka nijue," nikamjibu.

Akanitazama juu ya miwani. Mimi pia nikamtazama. Funguo za chumba cha kompyuta ninazo mimi.

Jumatatu, 11 Oktoba

Kahawa imeanza kuiva. Mama mkwe wangu, Watiri, alinigongea mlango kabla ya jua kuchomoza akanipa kikapu. Nilichuma hadi saa mbili, nikanawa, nikavaa sketi yangu ya kazi.

"Unaenda wapi na kahawa iko hapa nyekundu?" akaniuliza.

"Kazini, Maitu," nikamjibu, kwa jina la mama analomwita Ngatia.

"Hiyo si kazi. Hiyo ni kukaa kwa kiti."

Ngatia alikuwa amewasha pikapu ya duka. Aliniangalia kwa yale macho yake ya pole. Nilipanda. Nitachuma kila asubuhi na nitakwenda kazini kila siku, na hakuna atakayenichagulia moja.

Alhamisi, 14 Oktoba

Nimeharibu sidii nne. Ya kwanza haina sauti. Ya pili ina sauti na haina picha. Ya tatu stima ilipotea katikati. Ya nne mashine iliitema tu, hata haikusema kosa langu ni lipi. Ukisha kuchoma vibaya huwezi kufuta, sidii imekwisha.

Nilizileta nyumbani nikidhani nitaweka vikombe juu yake. Maitu aliichukua moja, akaigeuza juani, mwanga ukamrukia usoni. Nilipotoka nje jioni zote nne zilikuwa zimefungwa kwa kamba za katani kwenye miplamu yake, zinazunguka kwa upepo, na wale ndege wenye mikia mirefu wanaomaliza matunda kila mwaka walikuwa wamehamia kwa jirani.

Jumatano, 20 Oktoba

Sikukuu. Nimechuma kahawa siku nzima. Ngatia alichuma mstari wa pili, na kila tulipokutana mwisho wa mstari alinitilia tunda moja jekundu kikapuni mwangu kama vile ni mkufu. Nampenda hata mgongo ukiuma.

Maitu ameuliza kama nina sidii zaidi, ndege wameanza kuzoea. "Zipo, Maitu," nikasema. "Zozote ukizikuta mezani ni zako." Nilifurahi kuwa na kitu anachokitaka kutoka kwangu.

Jumapili, 24 Oktoba

Mhubiri amesema kompyuta zote zitazimika mwaka ukigeuka kuwa elfu mbili, na kwamba kitu kinachong'aa rangi za upinde wa mvua bila mvua kichunguzwe. Watu saba waligeuka kunitazama. Niliwatabasamia wote saba. Maitu hakugeuka, lakini njiani alisema, "Yeye miti yake ya matunda haina kitu. Ndege wamemaliza."

Jumanne, 26 Oktoba

Dada yangu Kajuju amepiga simu dukani kutoka Timau. Nilidhani anataka kusikia habari za ndoa yangu, nikaanza kummwagia, mpaka nikasikia analia.

Amefukuzwa kazi kule shamba la waridi. Yeye na wanawake wengine watano, wote kwa siku moja, na wote sita ni wajawazito. Kajuju ana miezi mitano. Amefanya kazi huko miaka sita. Meneja aliwaambia shamba halina kazi ya mtu asiyeweza kusimama.

"Na alisema mbele ya kamera!" Kajuju akalia. "Wale wazungu wa televisheni walipokuja Machi, alisema hakuna mwanamke anafukuzwa kwa sababu ya mimba. Alisema tunahamishiwa kibanda cha kupanga maua, tunakaa chini, tukijifungua nafasi inatungoja. Nilikuwa nimesimama hapo karibu, nikiwa na ndoo. Sasa anasema hakusema."

"Kipindi chenyewe kimeonyeshwa?"

"Yule mama aliyetupiga picha ameandika barua. Kitaonyeshwa kwa dishi tarehe nne Novemba, saa kumi na moja jioni. Mara moja tu. Na afisa wa kazi wa Nanyuki anatusikiza tarehe tatu Desemba. Ameuliza, mna ushahidi gani? Kinya, si wewe umeandika barua kuwa unashika televisheni na kuitia kwa sahani?"

Niliandika hivyo, ndiyo. Nilikuwa najisifu.

"Nitaishika," nikamwambia.

Ijumaa, 29 Oktoba

Mvua. Sidii mbili mbovu.

Jumatatu, 1 Novemba

Mvua. Sidii mbili nzuri! Mechi nzima ya mpira, dakika tisini, na mteja hakurudi kulalamika. Ngatia alininunulia mandazi mawili na yote mawili nikala mimi.

Alhamisi, 4 Novemba

Saa kumi na nusu upepo ulivuma kutoka mlimani kama unaotafuta mtu. Dishi la juu ya duka likaanza kutikisika, na ukilisogeza dishi hilo hata upana wa kidole, picha hupasuka vipande vya mraba na sauti inameza maneno. Nilikuwa nimekaa mbele ya kompyuta. Kipindi kilikuwa kinaanza baada ya nusu saa.

"Boliti imelegea," Ngatia akasema. "Nikianza kuikaza sasa nitapoteza pembe yake. Nitaishika tu."

"Kwa dakika hamsini?"

"Wewe shika chini, mimi nashika juu."

Akapanda. Mvua ikaja. Mume wangu alilikumbatia dishi lile kwa dakika hamsini, shavu kwenye chuma, na mimi chini nikaona picha ikitulia kama maji kwenye beseni. Bipin alisimama mlangoni na glasi yake ya chai akipiga kelele kuelekea paa, "Usipumue, Ngatia! Ukipumua inaruka!"

Halafu kwenye kioo akatokea dada yangu. Kajuju wangu, na koti lake la kijani na ndoo ya waridi, akipita nyuma ya meneja. Na meneja akasema. Alisema kwa Kiingereza, polepole, akitabasamu: hapa hakuna mwanamke anayepoteza kazi yake kwa sababu ya mimba, anahamishiwa kazi ya kukaa, na nafasi yake inamngoja. Neno kwa neno kama alivyoniambia Kajuju.

"Huyu namjua," Bipin akasema. "Alinunua dishi hapa."

Nilinasa kipindi chote. Ngatia aliposhuka hakuweza kukunjua vidole. Nilimvua shati, nikamkausha kwa kitambaa cha kufutia televisheni, nikambusu kila kidole mbele ya Bipin. Bipin akaigeukia rafu ya betri.

Ijumaa, 5 Novemba

Kugeuza faili kulichukua saa saba na nusu. Nilipotazama nikataka kulia. Watu wote wamebanwa ubavuni, wembamba na warefu. Kajuju amekuwa kama mtu anayetazamwa kwenye kijiko. Karatasi ya Sanjay inasema niache umbo kama lilivyo. Sanjay hayupo hapa. Kesho nitajaribu lile chaguo alilolipigia mstari wa kukataza.

Jumamosi, 6 Novemba

Umbo limekaa! Lakini sauti sasa inakimbia mbele ya midomo. Mwanzoni ni kidogo, na ikifika pale meneja anaposema, maneno yanatoka naye bado amefunga mdomo. Nilimwita Ngatia aone.

"Ataambia afisa si yeye anasema," Ngatia akasema. "Ataambia ni wewe umemwekea maneno."

Ndivyo atakavyosema, bila shaka. Kwa hiyo nikafikiria. Kama sauti inapotea kidogo kidogo kadiri faili inavyokuwa ndefu, basi faili isiwe ndefu. Nitaikata vipande vitatu, nigeuze kimoja kimoja, kisha nivichome vikifuatana.

Nilianza kipande cha kwanza, stima ikapotea. Nilianza tena, ikapotea tena. Bipin akaja akasimama nyuma yangu.

"Kinya. Jumatatu asubuhi nafuta hiyo kitu. Mashine imejaa, na wateja wa mpira wanangoja."

"Niachie hadi Jumatano."

"Jumatatu. Tena huyo bwana ni mteja wangu. Mimi sitaki maneno."

"Basi nipe funguo za duka nije kesho."

"Kesho Jumapili."

"Najua siku, Bwana Bipin."

Alinipa. Nadhani alinipa ili niache kumtazama.

Jumapili, 7 Novemba

Maitu alisimama mlangoni na Biblia mkononi na kofia ya kanisa kichwani. "Bibi-arusi wa wiki saba haonekani kanisani, watu watasema nini?"

"Watasema niko kazini, Maitu. Ni kwa ajili ya dada yangu."

"Dada yako ana kwao."

Neno hilo liliniingia kama mwiba. Kwa hiyo mimi nina kwangu na Kajuju ana kwao, na katikati kuna mlima. Nilipanda pikapu bila kuaga. Ni mara ya kwanza kumfanyia hivyo.

Vipande viwili, stima haikupotea. Cha tatu, haikupotea. Zilibaki sidii tupu mbili kwenye boksi. Kuchoma huchukua dakika ishirini na tano, na muda huo mashine haitaki kuguswa, wala mtu kufungua kitu kingine ndani yake, wala Ngatia kukanyaga sakafu kwa nguvu. Ya kwanza ilikufa dakika ya kumi na tisa. Tuliketi sakafuni tumeshikana mikono tukiingojea ya pili. Ilipotoka ilikuwa na joto kama yai.

Tuliitia kwenye mashine ya kuchezea. Kajuju na ndoo yake. Meneja. Midomo na maneno, pamoja kabisa.

Sikuandika kitu juu yake, kwa sababu Sanjay ameonya kuwa wino wa kalamu unakula sidii. Niliitia kwenye bahasha, nikaandika juu ya bahasha: KAJUJU. Boksi jipya la sidii likija kutoka Nairobi nitachapa nakala nyingine kutoka kwa hii.

Jumatatu, 8 Novemba

Bipin amefuta faili. Nilimtazama akifuta. Bahasha iko nyumbani, chini ya gauni langu la harusi, ndani ya sanduku.

Jumatatu, 15 Novemba

Meneja mwenyewe alikuja dukani. Viatu safi siku ya matope. Alisema dikoda yake ina shida, lakini hakuja na dikoda.

"Nasikia kuna mtu hapa anasema alirekodi kipindi fulani cha maua," akamwambia Bipin. "Hicho kipindi hakikuonyeshwa. Nimeuliza. Mtu akija na sidii, basi ameitengeneza, na hiyo ni kesi."

Mimi nilikuwa nyuma ya kaunta, upana wa mkono kutoka kwake. Nilingoja Bipin aseme. Bipin alipanga kalamu zake kwenye mfuko wa shati.

"Duka yangu haina kitu kama hiyo," akasema.

Ni kweli, haina. Iko Tetu chini ya gauni. Lakini aliiona kwa macho yake akiwa na glasi ya chai! Mwoga. Nimeliandika na silifuti.

Jumamosi, 20 Novemba

Mvua. Kahawa. Maitu haniongeleshi ila kuhusu kahawa.

Jumanne, 23 Novemba

Nina mapumziko leo. Sanduku limeingia unyevu, nikaitoa sidii, nikaipangusa, nikaiweka mezani ikauke. Mara jirani akapiga kelele kuwa ng'ombe wetu ameingia kwenye shamba lake la minji. Tulimfukuza ng'ombe huyo mpaka tukaanguka, mimi na Ngatia, matope hadi masikioni, tukicheka hadi tukashindwa kusimama. Niliporudi nilirudisha bahasha sandukuni. Siku nzuri sana.

Ijumaa, 26 Novemba

Kahawa. Nimekuta nyuma ya rafu dukani sidii sita mbovu za zamani, nimemletea Maitu. Alisema asante. Neno moja, lakini nimeliandika.

Jumanne, 30 Novemba

Boksi jipya limefika dukani jana jioni. Asubuhi nilifungua sanduku nichukue sidii nikaichape.

Bahasha ni tupu.

Nilikaa chini juu ya gauni langu la harusi. Kisha nikakumbuka meza, na ng'ombe, na nikakumbuka sauti yangu mwenyewe ikisema zozote ukizikuta mezani ni zako.

Nilitoka nje. Kwenye miplamu kulikuwa na sidii arobaini na tatu. Zote zinafanana, hazina jina, zinazunguka kwenye manyunyu, upande huu kioo, upande ule dhahabu. Moja kati yao ni dada yangu. Nilianza kuzirarua. Nilivunja matawi. Maitu alitoka jikoni akipiga kelele, "Unafanya nini na matunda yangu?"

Nami nikamwambia maneno ambayo mkwe hamwambii mama mkwe. Nilimwambia amefanya makusudi. Nilimwambia amenichukia tangu siku ya kwanza kwa sababu natoka upande ule wa mlima, na kwa sababu nakaa kwa kiti, na sasa amemfunga dada yangu mtini kama kitisho cha ndege. Ngatia alikuja mbio akasimama kati yetu, hajui amshike nani.

Maitu alinisikiliza hadi mwisho. Maji yalikuwa yakimtiririka kwenye kitambaa cha kichwa.

"Ile uliyoweka mezani siku ya ng'ombe?" akauliza.

"Ndiyo."

"Ungeniuliza." Akapita karibu nami akaingia katikati ya miti. "Wiki ile katani iliniishia. Nilifunga na uzi wa bluu, ule nafumia sweta. Angalia bluu. Zingine wacha ndege waogope."

Zilikuwa saba za uzi wa bluu. Maitu alizifungua mwenyewe, fundo kwa fundo, kwa meno pale uzi ulipolowa, akazifunga ndani ya leso yake ya kanisani.

"Na hiyo sweta ni ya nani, Maitu?" Ngatia akauliza.

"Si mmesema huyo dada yake ni mjamzito? Timau kuna baridi."

Jumatano, 1 Desemba

Maitu hakuchuma kahawa leo. Siku ya kahawa, na hakuchuma. Alipanda pikapu akakaa kati yetu na leso mapajani.

Dukani nilileta beseni la maji na sabuni, tukaziosha zote saba. Bipin alikuja akiuliza kwa nini kuna mama anafua katikati ya duka lake.

"Tunatafuta ile kitu duka yako haina," nikamwambia.

Alivuta kiti.

Ya kwanza: mpira, haina sauti. Ya pili: mashine haikuisoma. Ya tatu: watu wembamba, mpira tena. Ya nne haikusomwa. Ya tano ilizunguka, ikazunguka, ikakwaruza, picha ikapasuka vipande, nikafumba macho, na Ngatia akasema, "Kinya. Kinya, fungua macho." Kajuju alikuwa akipita na ndoo yake. Mwanzo wote umekwaruzwa na matawi, lakini pale penye meneja ni pazima.

Maitu alisogea mpaka pua ikakaribia kioo. Kiingereza hajui, kwa hiyo Ngatia alimweleza kwa Kikikuyu, neno kwa neno.

"Amesema hivyo na akiwa anacheka?" akauliza Maitu. "Na alimfukuza?"

"Alimfukuza."

Bipin akapiga kaunta kwa kiganja hadi betri zikaanguka. "Yeye anakuja kwa duka yangu! Ananiambia mimi kipindi haikuonyeshwa! Mimi niliona, kwa TV yangu, kwa dishi yangu! Na mimi nikasema hakuna kitu. Wiki mbili hiyo maneno iko hapa." Akajigusa koo. "Kinya, chapa nyingine. Hao wanawake ni wangapi?"

"Sita."

"Chapa sita. Na afisa hana mashine ya kuchezea, hiyo najua. Ijumaa nawapeleka na gari yangu, na mashine, na TV."

"Yeye ni mteja wako, Bwana Bipin."

"Alikuwa."

Stima ilipotea mara mbili. Nilichapa sita. Zile mbili zilizoharibiwa na stima Maitu alizitia kwenye leso bila kuuliza, na mimi nikacheka hadi nikalia, naye akanipiga kofi dogo begani. Nilimwomba msamaha. Alisema nimevunja matawi matatu, na hayo ndiyo nitayaombea msamaha.

Ijumaa, 3 Desemba. Nanyuki

Naandika kwenye gari la Bipin, kabla sijasahau hata neno moja.

Ofisi ya afisa wa kazi ni chumba kimoja na madirisha makubwa, na leo jua limetoka baada ya wiki nzima. Meneja alikaa upande mmoja na faili tatu. Upande wa pili walikaa Kajuju na wenzake watano, kila mmoja na mkoba wake mapajani juu ya tumbo. Bipin aliingia kinyumenyume akibeba televisheni pamoja na Ngatia, akisema, "Polepole, hiyo ni bei ya ng'ombe."

Meneja alisema hakuwahi kusema maneno kama hayo. Alisema hakuna kipindi kama hicho. Afisa akaandika.

Kisha nikatia sidii, ile yenyewe ya mtini, kwa sababu nilitaka iwe hiyo. Ilikwaruza. Ilipasuka vipande, na meneja akatabasamu, lile tabasamu lake la Machi. Halafu ikatulia na yeye akawa kwenye kioo, anatabasamu vilevile, na akasema yote, hadi neno la mwisho la nafasi inayongoja. Hapo sidii ikakwama. Picha ikasimama, meneja mdomo wazi.

Niliinuka kuigusa. "Wacha," Maitu akasema kutoka nyuma. "Wacha akae hivyo."

Afisa alimtazama wa kwenye kioo, akamtazama wa kwenye kiti. "Huyu si wewe?"

"Hiyo kitu inaweza kuwa imetengenezwa," akasema meneja. "Ni fundi wa dukani. Ni dada ya huyu mwanamke."

Bipin akasimama. "Mimi ndiye mwenye dishi. Niliona mwenyewe, tarehe nne, saa kumi na moja, nikinywa chai. Na wewe ulikuja kwangu ukaniambia sikuona. Andika hiyo, bwana afisa."

Afisa akaandika. Kisha akasema sidii ibaki kwenye faili la kesi, na meneja akauliza haraka, akiwa ameinuka nusu, "Hiyo ndiyo iko moja tu?"

Nilimtazama Kajuju. Kajuju akafungua mkoba wake akaitoa ya kwake, akaishika mbele ya tumbo. Halafu yule wa pili. Halafu wote sita. Jua lilikuwa limejaa dirishani, na kila sidii ikarusha duara la mwanga, sita yakicheza darini na ukutani, na yalipopita usoni mwa meneja alifinya macho, akainua mkono, akarudi nyuma hadi kiti kikaanguka.

"Hata huyu anaogopa," Maitu akasema, kwa Kiswahili, ili kila mtu asikie. "Kama wale wa plamu."

Afisa aliinamisha kichwa kwenye karatasi zake, lakini mabega yalikuwa yakitikisika. Aliposoma uamuzi sauti ilikuwa imekaa sawa: wote sita warudi Jumatatu, kibanda cha kupanga maua, kazi ya kukaa, na wakishajifungua nafasi zao ziwangoje, kama bwana meneja alivyoahidi mwenyewe mbele ya dunia.

Kajuju alinikumbatia na tumbo lake likawa kati yetu. Maitu akatoa sweta kutoka kwenye leso. Ni ya bluu, na mkono mmoja bado.

"Uzi uliniishia kwa sidii," akamwambia Kajuju. "Nitamaliza."

Jumanne, 7 Desemba

Kajuju amepiga simu. Amekaa. "Nimekaa, Kinya!" alirudia mara nne. Meneja hupita kibandani bila kuwatazama, na wanawake wamezifunga sidii zao kwenye nguzo juu ya meza ya kupangia maua, zote sita.

Jumapili, 12 Desemba

Kanisani watu walinitazama tena. Maitu safari hii aligeuka akawatazama wao, mmoja mmoja, mpaka kila mtu akakumbuka kuna mhubiri mbele.

Nyumbani alichuma plamu ya kwanza iliyoiva, akaikata kwa kisu. Ngatia akanyoosha mkono.

"Wewe ngoja," Maitu akamwambia. Nusu akala yeye. Nusu akanipa mimi.